Mchambuzi Kibarazani

Anayetufafanulia sayansi kwa maikrofoni tunamwita "mwandishi wa habari za sayansi". Maneno matano kwa mtu mmoja! Mtambulishe hivyo mbele ya wageni uone pumzi inavyokwisha kabla hujafika kwenye jina lake.

Mwandishi mwenyewe tusimdharau. Kuandika si wino tu. Nyumbani bado tunaandika meza, sahani hapa, bilauri pale, bakuli la mchuzi karibu na mgeni. Kwa maana hiyo hata asiyeshika kalamu ni mwandishi, mradi maneno yake ameyapanga.

"Mwanahabari" ni fupi. Lakini habari kwetu ni salamu pia, na jibu lake ni "nzuri" hata kama anayejibu ana homa. Sayansi haina jibu la adabu namna hiyo.

Mimi nachagua mchambuzi. Wapenzi wa soka wamelizoea neno hili, nasi tuwaombe watugawie. Asili yake ni mikononi. Nenda Pemba msimu wa karafuu: mashada mabichi yamemwagwa mkekani, vidole vinatenga karafuu upande huu na makonyo upande ule, mazungumzo yakiendelea. Matokeo ya utafiti nayo huja na shada lake zima, na kazi ya mtu wetu ni kutenga kilichopimwa na kilichodhaniwa.

Kwa kazi hiyo anahitaji neno nadharia, nalo mtaani limeumizwa. "Hiyo ni nadharia tu," tunasema, tukimaanisha maneno yasiyo vitendo. Mzizi wake wa Kiarabu ni wa kutazama, na ndio uliotuzalia mandhari. Nadharia ni kilima: ukisimama juu yake unaliona bonde zima. Wazo ambalo bado halijapimwa lina jina lake, nadhariatete, na tete ni kitu kichanga, kisichokomaa. Anayeyachanganya haya mawili hewani anawanyima wasikilizaji kilima chao.

Sasa podikasti. Mwaka 2004 Ben Hammersley, katika gazeti la Guardian la Uingereza, alitaja neno hilo kwa Kiingereza miongoni mwa majina aliyoyapendekeza. Nusu yake ilitoka kwenye iPod, kifaa ambacho Apple waliacha kukitengeneza mwaka 2022. Kifaa kimekwenda, jina tumebaki nalo. Silichukii, maana limekubali irabu zetu bila ubishi. Ila tunalo kibaraza: pale nje ya mlango, wawili wanazungumza, mpita njia anapunguza mwendo asikilize. Kibaraza cha sayansi, vibaraza vya sayansi. Tazama upatanisho unavyoteleza.

Na anayekiongoza? Mtangazaji ana mbiu ndani yake, sauti ya kuufikia mji mzima, ilhali msikilizaji wa kibaraza yuko peke yake na vipokea sauti masikioni. Mwendeshaji ananukia gereji. Mwenyeji ndiye hasa, kwa kuwa anayehojiwa tayari tunamwita mgeni, na mgeni njoo, mwenyeji apone: mtafiti aje na alichokigundua, mwenye kibaraza apone kutojua kwake, nasi pamoja naye.

Nirudi mkekani kidogo. Makonyo hayatupwi, nayo hutolewa mafuta. Basi mchambuzi asizitupe shaka za mtafiti, zile "huenda" na "kwa kadiri tulivyopima". Azitenge rundo la pili, palepale mkekani, msikilizaji azione.