Rubi: jinsi kivinjari kinavyoweka neno juu ya neno

Kutoka mji wa Busia hadi Malaba na Tororo, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, Kiswahili hukutana kila siku na Kiteso, Kisamia na Kijapadhola. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Mwalimu wa Tororo anayeandaa somo la kusomwa kwenye simu anaweza kuandika “maji” na kuweka juu yake, kwa herufi ndogo, neno la Kiteso “akipi”. Maandishi hayo ya juu huitwa rubi.

Jina hilo linatokana na wachapaji wa Uingereza, walioliita hivyo umbo la herufi za pointi 5.5. Matumizi yenyewe ni ya Japani, ambako herufi ndogo huonyesha matamshi ya herufi ngumu. Internet Explorer 5 ilianza kuonyesha rubi mwaka 1999, na shirika la viwango vya wavuti, W3C, likatoa kanuni zake 2001. Firefox ilisubiri hadi toleo la 38, mwaka 2015.

Kuiandika ni jambo jepesi: tagi ya ruby hufunika maneno yote mawili, na tagi ya rt hufunika lile la juu. Kazi ngumu huachiwa injini ya kivinjari. Hupima upana wa neno la chini, kisha wa lile la juu, ambalo kwa kawaida hupewa nusu ya ukubwa. “Akipi” hukaa juu ya “maji” bila taabu. Neno la juu likiwa refu kupita kiasi, lazima litafutiwe nafasi. Msimbo wa WebKit, ambao Chrome iliutumia hadi ilipojitenga mwaka 2013 na kuunda Blink, uliliruhusu neno hilo kutokeza juu ya jirani yake, ila kwa masharti: jirani awe maandishi, na kutokeza kusizidi nusu ya upana wake wala nusu ya ukubwa wa herufi.

Kasoro iliyodumu ilikuwa nyingine. Jozi ya maneno ilihesabiwa kuwa kisanduku kimoja kisichogawanyika baina ya mistari. Mjapani hakusumbuka sana, kwa kuwa kisanduku chake hubeba herufi moja au mbili. Lakini anayeweka tafsiri juu ya kifungu kizima, katika kioo chembamba cha simu, huona jozi yote ikisukumwa kwenye mstari unaofuata na kuacha pengo. Chrome 128, iliyotolewa Agosti 2024, iliruhusu jozi ikatwe, sehemu ya juu ikifuatana na ya chini.

Kwa simu za zamani, ni salama zaidi kuweka rubi neno kwa neno. Pale kivinjari kisipoitambua kabisa, tagi ya rp huleta mabano, na msomaji huona: maji (akipi).