Sanduku la Posta 25, Barnet

Uingereza inapokumbuka vita vilivyoanza 1939, husifiwa wafumbuzi wa misimbo wa Bletchley Park, walioikabili mashine ya Kijerumani ya Enigma. Waliokesha na hedifoni masikioni ili wafumbuzi hao wapate cha kufumbua hutajwa kwa nadra.

Walikuwa wapenzi wa redio tu. Vita vilipoanza walipokonywa mitambo ya kurushia, wakaachiwa ya kupokelea. Idara mpya, Radio Security Service, ikawachukua kwa siri, nao wakafika kama 1,500. Mtu akitoka kazini alijifungia chumbani, akazungusha kitufe taratibu kwenye masafa mafupi, akinyofoa katika mikwaruzo mlio hafifu wa Morse na kuandika herufi asizozielewa. Karatasi zilitumwa Sanduku la Posta 25, Barnet. Jirani akimwona hajavaa sare alimwita mwoga, naye hakuwa na ruhusa ya kujitetea.

Walitumwa kuwasaka majasusi wanaorusha kutoka ndani ya Uingereza. Hawakuwapata. Meja E. W. B. Gill, mweka hazina wa chuo cha Merton huko Oxford, akaligeuza swali: jasusi akiwepo, maagizo anapewa na nani? Basi isikilizwe Ujerumani, kwa kuwa masafa mafupi hudunda angani na kutua mbali.

Wataalamu wa Bletchley wakazipuuza karatasi zilizotokana na usikilizaji huo. Gill na mwanahistoria kijana Hugh Trevor-Roper, waliopanga nyumba pamoja Ealing, London, wakakaa nazo jioni baada ya jioni. Mapema 1940 wakaufumbua msimbo: waliokuwa wakirusha walikuwa Abwehr, ujasusi wa jeshi la Ujerumani. Asante haikuja. Alastair Denniston, mkuu wa Bletchley, alikasirika kwamba watu wasio wa fani wameingilia kazi yake. Hivyo ndivyo Trevor-Roper alivyosimulia, na mtu huyo hakuwa na subira na wakubwa. Hata hivyo, Bletchley ilikuja kufungua kitengo cha ujumbe uleule chini ya Oliver Strachey. Mwaka 1941 Radio Security Service ikahamishiwa MI6, ujasusi wa nje wa Uingereza, Gill akawekwa kando. Kosa lake, naona, ni kuwahi.

Wasikilizaji walinyamaza hadi 1979, BBC ilipotangaza filamu juu yao. Wengine walikwisha kuzikwa na siri yao.

Wenye hobi hiyo ya kusikiliza masafa mafupi sasa hutega 4625 kilohezi, ambako kituo cha Urusi hubweka mlio mmoja usiku na mchana, kisha ghafla mtu anasoma majina na namba, na mlio unarudi.