Upana wa Njia na Urefu wa Safari: Habari za Kukawia kwa Mtandao

Ni desturi ya watu, waonapo kitu kimekawia kufika, kuilaumu njia kwa wembamba wake. Mtandao wa kompyuta nao haukusalimika na lawama hiyo. Katika maofisi, katika maktaba za vyuo, na katika vikao vya bajeti, neno lisikikalo ni moja: ongezeni upana. Na upana ukisha kununuliwa, na fedha zikisha kulipwa, mara nyingi malalamiko hurudi yale yale. Nataka kuonyesha hapa, kwa kufuata mambo yaliyotukia California na Afrika Mashariki katika muda wa miaka arobaini hivi, kwamba wembamba wa njia ni sababu moja tu ya kukawia, wala si ile iliyotutesa zaidi. Na kwamba dawa zilizofaa kuliko nyingine zilikuwa mbili: kuifupisha safari, na kuwafunza watumaji kusubiriana.

Yafaa kwanza tuyatenge mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Upana wa njia ni kiasi cha habari kiwezacho kupita kwa sekunde moja. Muda wa safari ni ule upitao tangu habari imtoke mtumaji hata jibu lake limrudie. Upana hununuliwa, muda wa safari una mipaka iliyowekwa na maumbile. Kuipanua barabara ya Morogoro hakuisogezi Dodoma hata hatua moja karibu na Dar es Salaam. Nuru yenyewe hukimbia yapata kilomita 300,000 kwa sekunde katika anga tupu, na yapata 200,000 tu ndani ya uzi wa kioo, na hapana fundi awezaye kuihimiza.

Tena habari haipiti mtandaoni ikiwa kipande kimoja. Hukatwakatwa ikawa vifurushi, kila kifurushi kikaandikwa anwani yake, na kila mashine ya njiani, iitwayo ruta, hukipokea, hukipanga foleni, kisha hukisukuma mbele. Foleni ikijaa, vifurushi vijavyo hutupwa. Mtumaji kwa upande wake hungoja stakabadhi kutoka kwa mpokeaji. Asipoipata kwa wakati, hudhani kuwa kifurushi kimepotea, akakituma tena. Msomaji akiyashika hayo, ataelewa bila taabu msiba uliotokea mwaka 1986.

Miaka miwili kabla ya msiba huo, mwaka 1984, John Nagle wa kampuni ya Ford Aerospace alikuwa ameandika onyo. Alisema kwamba mtandao waweza kufikia hali ambamo kila mmoja atuma kwa bidii na karibu hapana kinachofika. Onyo hilo, kama yalivyo maonyo mengi, lilisomwa na wachache. Oktoba 1986 ikaja. Kati ya maabara iitwayo Lawrence Berkeley Laboratory na Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley palikuwa na umbali wa yadi 400 tu, yaani mita 366 hivi. Mawasiliano yaliyokuwa yakipita kwa kasi ya biti 32,000 kwa sekunde yalishuka hata biti 40. Kasi hiyo ni ya herufi tano kwa sekunde. Ukurasa mmoja wenye herufi 2,000 ungalichukua dakika sita na ushei kuvuka. Tarishi akishuka mlima wa Berkeley kwa miguu, karatasi mkononi, angaliufikisha mapema zaidi.

Waya haukuwa umekatika, wala haukuwa umepungua upana. Van Jacobson, aliyekuwa mtafiti katika maabara hiyo, alishirikiana na Michael Karels wa chuo kikuu kutafuta chanzo, nao wakakiona katika tabia ya watumaji wenyewe. Foleni iliporefuka, stakabadhi zilikawia. Stakabadhi zilipokawia, kompyuta zilidhani vifurushi vimepotea, zikavituma tena. Nakala hizo zikaizidisha foleni, na foleni ikazidi kuzikawiza stakabadhi. Njia ilijaa vifurushi ambavyo vingi vyake vilikwisha kutumwa mara moja kabla. Ni kama watu waliosongamana mlangoni, kila mmoja akisukuma kwa kuwa haoni mtu akipita, na hapana apitaye kwa kuwa kila mmoja asukuma.

Dawa yao, iliyochapishwa mwaka 1988, haikutandaza hata unyuzi mmoja mpya. Ilibadilisha kanuni ya kutuma, ile iitwayo TCP. Mtumaji aanzaye mazungumzo hamwagi tena mzigo wake wote kwa mara moja. Hubisha hodi kwanza. Hutuma kifurushi kimoja, na stakabadhi ikirudi hutuma viwili, kisha vinne, hata afikie kiasi ambacho njia yakihimili; na toka hapo huongeza kidogo kidogo. Akiona kifurushi kimepotea, hakishindani na njia, bali hukipunguza kiasi cha utumaji wake. Pia alifunzwa kupima vizuri zaidi muda wa safari, asije akatuma tena kitu ambacho kingali njiani. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo kubwa kupita yote katika historia ya mwendo wa mitandao, nalo husahauliwa kwa kuwa halionekani kwa macho. Waya hupigwa picha siku ya kuzinduliwa, kanuni haipigwi.

Sasa na tuvuke bahari tuje kwetu, ambako taabu ilikuwa ya namna nyingine. Pwani hii si ngeni kwa nyaya za baharini. Mwaka 1879 waya wa telegrafu wa kampuni ya Eastern and South African Telegraph uliiunga Zanzibar na Aden upande wa kaskazini, na Msumbiji na Durban upande wa kusini. Walakini intaneti ilipoingia katika miaka ya 1990, tangu Somalia hata Msumbiji hapakuwa na waya wa nyuzi za kioo baharini hata mmoja. Habari zilipelekwa kwa satelaiti, na satelaiti hizo zilikaa juu ya ikweta, umbali wa kilomita 35,786 kutoka ardhini. Kupanda na kushuka ni zaidi ya kilomita 71,000, yaani karibu robo ya sekunde. Jibu nalo lapanda na kushuka vivyo hivyo. Kwa hiyo swali na jibu lake vilihitaji karibu nusu sekunde, hata kama njia ilikuwa tupu na mtumiaji alikuwa peke yake.

Nusu sekunde yaonekana kuwa kitu kidogo. Lakini kanuni ya TCP katika umbo lake la kwanza ilimruhusu mtumaji kuwa na baiti 65,535 tu zilizo njiani bila stakabadhi. Akifikisha kiasi hicho, hana budi kukaa na kungoja. Kama safari ya kwenda na kurudi ni nusu sekunde, basi kwa sekunde moja aweza kutuma mizigo miwili tu ya namna hiyo, yaani biti milioni moja na kidogo. Ofisi yaweza kukodi njia yenye upana mara kumi ya huo, na bado mazungumzo hayo mamoja yasiende upesi zaidi. Ifupishe safari iwe sehemu ya mia ya muda huo, na kompyuta zile zile, kwa kanuni ile ile, zitapeleka biti milioni mia na ushei. Marekebisho ya kanuni, yaliyotolewa mwaka 1992, yaliruhusu mzigo mkubwa zaidi kuwa njiani, lakini ilichukua miaka mingi kabla ya kompyuta za watu wengi kuyatumia.

Liko jambo lililokuwa baya zaidi, na hilo halikutoka kwa maumbile. Mwishoni mwa miaka ya 1990 palikuwa na makampuni kadhaa Nairobi yaliyowauzia watu huduma ya intaneti, na hayakuwa yameungana yenyewe kwa yenyewe. Mtu wa kampuni moja alipomwandikia jirani yake aliyetumia kampuni nyingine, barua yake ilipanda kwenye satelaiti, ikashuka Ulaya au Marekani, ikapanda tena, ikashuka Nairobi. Jibu likapita njia hiyo hiyo. Takriban sekunde nzima ilipotea kati ya majengo mawili yatazamanayo mtaani, na kila biti ililipiwa kwa fedha za kigeni, kwenda na kurudi.

Dawa yake haikuwa ngumu wala ya gharama kubwa: chumba kimoja, mashine moja ya kuunganisha, na makubaliano ya kwamba habari za ndani zibadilishwe humo. Makampuni hayo, kwa umoja wao uitwao TESPOK, yalianzisha kituo cha namna hiyo Nairobi mwezi wa Novemba 2000, kikaitwa KIXP. Hakikumaliza majuma mawili. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kupeleka mawasiliano ya kimataifa, ilishtaki kwamba kituo hicho kilivunja haki yake, na Tume ya Mawasiliano ya Kenya ikaamuru kifungwe.

Hoja hiyo yastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna kinaya. Habari itokayo Nairobi kwenda Nairobi si ya kimataifa kwa asili yake. Iligeuka kuwa ya kimataifa kwa sababu tu haikuwa na njia ya nyumbani. Ikisha kugeuka hivyo, ikawa mali ya mwenye haki ya kuisafirisha nje. Wenye makampuni walijitetea kwamba kituo chao kilikuwa cha matumizi ya wanachama peke yao, na kwamba sheria iliwaruhusu. Shauri lilivutwa karibu mwaka mzima. Novemba 2001 Tume ilikipa kituo leseni, na Februari 2002 kikafunguliwa tena. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2012 kwa ajili ya Internet Society ulieleza tofauti iliyopatikana: habari za ndani zilizokuwa zikichukua milisekunde 200 hadi 600 sasa zilichukua milisekunde 2 hadi 10. Hapo hapana satelaiti iliyoshushwa wala mwendo wa nuru ulioongezwa. Ilifupishwa safari tu, na kilichokuwa kikiizuia kilikuwa karatasi.

Nyaya za baharini zilikuja baadaye. SEACOM ulianza kazi Julai 2009, ukishuka Dar es Salaam na Mombasa pamoja na miji mingine. TEAMS ulifika Mombasa mwaka huo huo. EASSy ukafuata mwaka 2010. Watu walishangilia upana wake, na kwa haki, maana ulikuwa mkubwa usiolinganishwa na wa satelaiti. Lakini mtumiaji aliyekaa mbele ya kompyuta yake aliguswa pia na ufupi wa safari, pengine zaidi kuliko alivyojua. Katika waya wa kilomita 10,000, swali na jibu hupita kwa sehemu ya kumi ya sekunde, badala ya nusu. Ukurasa mmoja wa mtandaoni waweza kuhitaji maswali na majibu mengi kabla haujaonekana wote, na kila mara saa hiyo huhesabiwa upya.

Ungedhani basi kwamba baada ya upana kupatikana na safari kufupishwa, mambo yangetengenea. Mwaka 2010 Jim Gettys, mtaalamu wa Marekani, aligundua nyumbani kwake mwenyewe kuwa muda wa safari wapanda vibaya kila apelekapo faili kubwa, ingawa njia yake ilikuwa nzuri. Kisa kilikuwa urahisi wa kumbukumbu. Kwa kuwa kumbukumbu za kompyuta zilikuwa zimeshuka bei, watengenezaji wa ruta waliweka foleni ndefu mno, wakidhani wanatenda wema kwa kutotupa vifurushi. Kumbe kile kifurushi kinachotupwa ndicho kimpashacho mtumaji habari kwamba njia imejaa. Kisipotupwa, yeye huendelea kumimina, na foleni hujaa bila mtu kujua. Sauti ya anayezungumza kwa simu ya mtandao husimama nyuma ya filamu ya mtu mwingine. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson, yule yule wa Berkeley, walitoa utaratibu wa kuiangalia foleni si kwa urefu wake bali kwa muda ambao kifurushi kimekaa ndani yake, na kutupa mapema pale muda huo uzidipo. Chuo chenye wanafunzi elfu kadhaa wanaoshiriki njia moja chaweza kufaidika na utaratibu huo kuliko kuongeza upana, kwa maana upana mpya hujazwa upesi na foleni hurudi pale pale.

Juu ya hayo ziko ajali. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM ziliharibika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania na Kenya zikiwamo, zikapata shida. Habari zilisukumwa katika njia zilizosalia, na foleni zikawa ndefu. Kilichohifadhiwa hapa hapa na kubadilishwa hapa hapa hakikuwa na haja ya kuvuka mahali palipokatika. Lakini tovuti nyingi za Afrika hutunzwa katika kompyuta za ng'ambo, kwa kuwa huko kuhifadhi ni rahisi, na msomaji wake wa Kariakoo hufuata ukurasa wa Kiswahili mpaka Ulaya.

Mwanafunzi atakaye kuyathibitisha haya hana haja ya maabara. Iko amri ndogo iitwayo traceroute, aliyoiandika Jacobson mwishoni mwa miaka ya 1980 alipokuwa akihangaika na matatizo ya mtandao wake, nayo huorodhesha kila ruta ambayo kifurushi kimeipitia na muda uliotumika kufika hapo. Na aielekeze kwenye tovuti ya chuo chake mwenyewe, kisha kwenye tovuti ya chuo kilicho nchi ya jirani, asome mstari kwa mstari, na ahesabu kifurushi kimevuka bahari mara ngapi.