Kabla filimbi haijapigwa: historia ya Shujaa, ekipe ya raga ya Kenya

Mongbwalu ukisema mpira, kila mtu anaelewa mpira wa miguu. Ndio mchezo uliokuja na Wabelgiji, ndio unaochezwa na watoto mtaani na katika kambi za wahami kule Bunia, hata kama mpira wenyewe ni matambara yaliyofungwa kwa kamba. Ng'ambo ya Ziwa Albert mambo ni tofauti kidogo. Waingereza waliotawala Uganda na Kenya walikuja na mpira wa miguu, lakini walikuja pia na mpira wa umbo la yai, unaobebwa mikononi na kupigwa pasi ya nyuma tu. Huo ndio raga. Familia za Djugu zilizovuka ziwa mwaka 2018 kwenda kutafuta usalama Uganda zilifika katika nchi ambamo mchezo huo una klabu, mashabiki na historia ndefu.

Historia hiyo inafaa kusimuliwa hapa, hata kwa mtu asiyejua raga. Shujaa, ekipe ya taifa ya Kenya ya raga ya wachezaji saba, imepanda hadi kuwapiga mabingwa wa dunia, ikaanguka hadi kufukuzwa katika daraja la juu, kisha ikarudi. Kila mara, sababu kubwa ilianza kabla ya msimu: katika miezi ya maandalizi, na mara nyingi mezani, si uwanjani.

Mchezo wa wakoloni wapata wenyewe wapya

Zamani raga ya Nairobi ilikuwa ya walowezi na maofisa wa Kiingereza. Uwanja maarufu wa barabara ya Ngong, ambao hadi leo ndio nyumbani kwa raga ya Kenya, ulikuwepo tayari mwaka 1955, wakati kikosi cha wachezaji bora wa Uingereza na Ireland kilipokuja kucheza na Afrika Mashariki. Mwafrika hakuwa na nafasi kubwa katika klabu za wakati ule.

Mwaka 1977, miaka 14 baada ya uhuru, wachezaji Waafrika wa Nairobi waliunda klabu yao wenyewe. Waliiita Mwamba, neno ambalo mchimba dhahabu wa Mongbwalu hahitaji kuelezwa maana yake. Katika klabu hiyo walikuja kukua ndugu wawili, Humphrey Kayange na Collins Injera, ambao majina yao yalisikika baadaye katika viwanja vya dunia nzima.

Mpaka mwaka 1995 sheria za raga ya dunia zilikataza mchezaji kulipwa. Mwezi wa 6 mwaka huo Afrika Kusini ilitwaa Kombe la Dunia nyumbani kwake, ikiifunga New Zealand 15 kwa 12, na Rais Nelson Mandela alikabidhi kombe akiwa amevaa jezi ya ekipe. Miezi miwili baadaye wakuu wa mchezo walifungua mlango: raga ikawa kazi ya mshahara.

Kenya haikuwa na pesa za kulipa ekipe nzima ya watu 15 kama nchi tajiri. Ikachagua njia nyembamba zaidi, raga ya wachezaji saba. Uwanja ni uleule mkubwa, lakini watu ni nusu, na mechi ni dakika 14 tu, vipindi viwili vya dakika saba. Mchezaji akifikisha mpira nyuma ya mstari wa wapinzani na kuugusisha chini anapata trai, yaani pointi tano. Ni mchezo wa mbio na pumzi, na Kenya haikukosa watu wenye mbio. Mwaka 1996 Nairobi ilianzisha mashindano yake yenyewe, Safari Sevens. Msimu wa 1999 hadi 2000 ulipoanza mzunguko wa dunia wa raga ya saba, Wakenya walikuwa na pa kulenga.

Mwalimu Ayimba

Mtu aliyebadilisha ndoto kuwa kazi ni Benjamin Ayimba. Alikuwa nahodha wa Kenya, akacheza kulipwa Uingereza katika klabu ya Cornish Pirates, akarudi kufundisha. Alishika ekipe ya saba mwaka 2006. Miaka mitatu baadaye, kwenye Kombe la Dunia la raga ya saba mjini Dubai, Kenya iliitoa Fiji, wafalme wa mchezo huo, na kufika nusu fainali. Mwaka 2013, chini ya Mwingereza Mike Friday, Kenya ilifika tena nusu fainali ya dunia, mjini Moscow.

Ayimba alirudi mwaka 2015. Tarehe 17 mwezi wa 4 mwaka 2016, mjini Singapore, Shujaa waliifunga Fiji 30 kwa 7 katika fainali. Ilikuwa mara ya kwanza Kenya kushinda shindano la mzunguko wa dunia, na Fiji hiyohiyo ilichukua dhahabu ya Olimpiki Rio miezi minne baadaye. Mwezi uliofuata, mjini London, Injera alipita rekodi ya Santiago Gómez Cora wa Argentina, aliyekuwa na trai 230 katika mzunguko huo.

Ushindi wa dakika chache ulitoka kwenye kazi ya miezi mingi. Kabla ya msimu mpya wachezaji huanza na mbio na mazoezi ya nguvu, ili mwili uweze kucheza mechi tatu kwa siku moja. Halafu hufuata mafunzo ya kukaba: wapi pa kuweka kichwa, wapi pa kuweka bega, maana anayekaba vibaya anaweza kuvunjika shingo. Daktari hupima magoti na vifundo vya miguu, na aliyegongwa kichwa hupumzishwa hata kama mwenyewe anasema yuko sawa. Baadaye huja mbinu, na mwisho mechi za majaribio. Nchini Kenya, mashindano ya klabu yanayozunguka Nairobi, Nakuru, Kisumu, Mombasa na Eldoret ndiyo humpa mwalimu nafasi ya kuona vijana wapya. Kijana wa Kisumu asiyejulikana na mtu anaweza kucheza vizuri mwisho wa juma mmoja, na akaitwa kambini.

Haya yote yana gharama. Mchezaji anayefanya mazoezi asubuhi na jioni hawezi kushika kazi nyingine. Anahitaji chakula cha kutosha, nauli, kodi ya nyumba na ada ya watoto. Ndiyo maana mkataba ni sehemu ya maandalizi, sawa na mbio.

Maneno yaliyofunikwa kifuani

Msimu wa 2017 hadi 2018 ulikuwa mzuri kuliko yote kwa upande wa pointi. Chini ya mwalimu Innocent Simiyu, Shujaa walifika fainali mbili, Vancouver na Hong Kong, wakakusanya pointi 104 na kumaliza wa nane duniani. Lakini katika shindano la mwisho, mjini Paris mwezi wa 6 mwaka 2018, watazamaji waliona jambo geni. Wachezaji walikuwa wamefunika maneno ya kuitangaza Kenya yaliyoandikwa kifuani mwa jezi zao. Walikuwa wanadai pesa za udhamini walizosema waliahidiwa na hawakuzipata.

Miezi michache baadaye Simiyu hakuwa tena mwalimu. Msimu mpya ulipokaribia, wachezaji wengi wakongwe hawakukubaliana na mikataba waliyopewa na wakabaki nje. Mwalimu mpya, Paul Murunga, alianza na vijana ambao wengi wao hawakuwa wamezoea viwanja hivyo. Ekipe iliyokuwa ya nane ikamaliza ya 13. Vijana hao hawakuwa wavivu. Walitupwa katika msimu ambao maandalizi yake yalivunjika mezani.

Kwa Mkongomani hadithi hii haisikiki ngeni. Mwaka 1974 Leopards wa Zaire walikwenda Ujerumani Magharibi wakiwa mabingwa wa Afrika, na ndiyo ilikuwa ekipe ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia la mpira wa miguu. Walifungwa na Scotland 2 kwa 0, matokeo yasiyo ya aibu. Ndipo wakajua kwamba pesa walizoahidiwa hazitawafikia. Wachezaji wenyewe walieleza baadaye kwamba walitaka kugoma, na kwamba waliingia uwanjani dhidi ya Yugoslavia bila moyo. Walifungwa 9 kwa 0. Dunia ilicheka miaka mingi, ikamcheka hasa Mwepu Ilunga aliyetoka kwenye ukuta na kuupiga mpira wa adhabu wa Brazil kabla haujapigwa. Wachache waliuliza nani alikuwa amekula pesa.

Kati ya 1974 na 2018 kuna miaka 44, michezo ni miwili na nchi ni mbili, lakini jeraha ni moja. Mchimbaji aliyeshuka shimoni akiahidiwa fungu lake, akapanda na kukuta mwenye shimo amebadilisha hesabu, anajua jinsi mikono inavyolegea kesho yake.

Kiwanja salama na mwili wenye afya

Mshahara peke yake hautoshi. Uganda, jirani wa karibu wa Ituri, ilikuwa bingwa wa Afrika wa raga ya watu 15 mwaka 2007. Miaka mitatu baadaye, usiku wa tarehe 11 mwezi wa 7 mwaka 2010, watu walikusanyika katika uwanja wa raga wa Kyadondo, Kampala, kutazama fainali ya Kombe la Dunia la mpira wa miguu. Mabomu yalilipuka hapo na katika mkahawa mmoja wa Kabalagala. Zaidi ya watu 70 walikufa. Kundi la al-Shabaab la Somalia lilisema ndilo lililofanya hivyo. Kyadondo haikuachwa iwe makaburi: raga ilirudi pale, na mechi zinaendelea. Lakini jamii iliyolipa bei hiyo inajua kwamba usalama wa kiwanja huandaliwa kabla ya mashabiki kuingia.

Wakaaji wa Djugu wanalijua hilo kwa njia yao. Ekipe haiwezi kupanga msimu wakati nusu ya wachezaji wamelala kambini na nusu nyingine wamevuka mpaka. Mtu akikimbia kijiji, anakimbia pia kiwanja chake, wenzake na mwalimu wake.

Na Ayimba? Mtu aliyeipiga Fiji alikufa mwezi wa 5 mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka 44. Hakuuawa na jeraha la uwanjani. Ilikuwa malaria iliyopanda kichwani, ugonjwa ambao kila mama wa Mongbwalu anaujua kwa dalili zake. Nguvu za mwanamichezo hazimzuii mbu.

Kuanguka na kurudi

Mwezi wa 5 mwaka 2023, mjini London, Shujaa walifungwa na Canada 12 kwa 7 katika mechi ya kuamua nani abaki daraja la juu. Baada ya takriban miaka 20 kati ya wakubwa, wakashushwa. Wengi walidhani ndio mwisho.

Kazi ilipewa Mkenya, Kevin Wambua. Mwezi wa 9 mwaka huohuo, mjini Harare, ekipe yake iliifunga Afrika Kusini 17 kwa 12, ikawa bingwa wa Afrika na kupata tiketi ya Olimpiki ya Paris. Halafu ikaanza njia ya chini: Dubai, Montevideo na Munich, katika mashindano ya daraja la pili. Tarehe 2 mwezi wa 6 mwaka 2024, mjini Madrid, Shujaa waliifunga Ujerumani 33 kwa 15 na kurudi daraja la juu. Paris hawakupata medali. Walimaliza wa tisa. Ila walikuwa wamerudi kwa hatua, shindano baada ya shindano.

Siku vijana wa Mongbwalu watakapokusanyika tena kuandaa msimu, iwe wa mpira wa miguu au wa mchezo mwingine, hesabu itakuwa ileile ya Nairobi. Kiongozi wa ekipe aseme mbele ya wote kiasi gani kimeahidiwa, na kiandikwe. Ijulikane nani atampeleka hospitali atakayevunjika mguu, na nani analala bila chandarua. Ijulikane kama barabara ya kwenda kiwanjani inapitika na watoto wanaweza kurudi kabla ya giza. Mambo hayo yakishapata majibu, ndipo mpira uwekwe katikati.