Umri wa Santuri na Ushahidi wa Viungo Vyake

Mwenye kukusanya mashine za kale za sauti hukutana kwanza na kibati kilichopigiliwa sandukuni, kimejaa tarehe kwa msururu, naye kwa furaha huidhania ya mwisho kuwa ndiyo tarehe ya kuundwa kwake, ilhali hizo ni tarehe za haki za uvumbuzi tu, zenye kuthibitisha jambo moja: kwamba kibati hakikuchongwa kabla ya hiyo ya mwisho. Ni miaka mingapi baadaye, sharti viulizwe viungo vyenyewe.

Chukua fonografu ya Edison, ipigayo silinda za nta. Hadi 1908 silinda zake zilikuwa na mifuo 100 kwa inchi, zikaimba dakika mbili. Mwaka huo zikaja za mifuo 200, za dakika nne, zikadai kichwa cha kusomea sauti chenye ncha nyembamba zaidi. Basi kichwa chenye herufi C ni cha dakika mbili, na chenye H ni cha nne. Na mashine ya kabla ya 1908 ikionekana na gia za dakika nne, iliongezewa baadaye, wala hiyo si ghushi, kwani kampuni yenyewe iliwauzia gia hizo wenye mashine za zamani.

Katika santuri za sahani, mimi huanza na kichwa, kwa kuwa ndicho kinachobadilishwa aghalabu. Utando wa ulanga ni wa zama za mwanzo. Baada ya 1925 alumini ikaanza kuuondoa. Kichwa kikiwa cha madini ya zinki yaliyovimba na kupasuka, kisilazimishwe kwa bisibisi, maana kitavunjika mkononi, na ushahidi upotee.

Pwani yetu, mtu akikuonyesha santuri ya HMV 102, ile ya kubebwa mkononi, akasema kwa moyo safi kwamba babu yake aliisikilizia sahani za mwimbaji Siti binti Saad zilipotoka mara ya kwanza, baada ya safari ya Bombay ya 1928, usimkanushe upesi, ingawa 102 haikuuzwa kabla ya 1931, na kichwa chake kikiwa 5B, ni cha baadaye kuliko 5A. Yumkini nyumba ile ilikuwa na santuri nyingine kabla ya hii, na kumbukumbu imezifanya mbili kuwa moja. Ndipo inapofaa kuuliza, kwa adabu, kama darini hakukusalia pembe, mkono au kamani ya ile ya kwanza.