Kompyuta Inayozima Baada ya Kubadilishiwa Prosesa: Chanzo na Hatua za Kuchukua

Katika steshenari nyingi za Jiji la Mwanza, kompyuta ya mezani ndiyo inayobeba kazi ya siku nzima: kuchapa barua, kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu, kutuma maombi ya ajira na kutunza hesabu za duka. Wamiliki wengi hununua mashine zilizokwisha kutumika, kisha huziongezea uwezo kwa kuondoa prosesa ya awali na kuweka yenye nguvu zaidi. Kazi hiyo ikifanyika vibaya, kompyuta huanza kuzima ghafla au kujiwasha upya, na mwombaji aliyekuwa akipakia vyeti vyake siku ya mwisho hubaki mikono mitupu.

Namna mashine inavyozima ndiyo ushahidi wa kwanza. Ikiwaka kwa sekunde chache na kuzima bila kuonesha chochote kwenye skrini, kosa huwa katika ufungaji. Huenda waya wa umeme wa prosesa, wenye plagi ya pini 4 au 8, haukurudishwa. RAM haikukaa sawasawa. Au pini za soketi zimepinda. Aidha, prosesa kuingia kwenye soketi si uthibitisho kwamba inakubalika. Prosesa za Intel za kizazi cha tatu hutumia soketi ileile ya 1155 iliyotumiwa na kizazi cha pili, lakini ubao mama usio na toleo jipya la BIOS hauzitambui, na baadhi ya mbao hizo hazizitambui kabisa. Kuhuisha BIOS kunahitaji prosesa ya zamani irudishwe kwanza, na umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo ubao unaweza kuharibika moja kwa moja. Kazi hiyo isifanyike bila UPS yenye betri nzima.

Mashine inayofanya kazi vizuri kwa dakika kadhaa kisha ikazima inaashiria joto. Prosesa nyingi za mezani hujilinda kwa kupunguza kasi zinapokaribia nyuzi joto 100 za Selsiasi, na joto likizidi huzima kabisa. Krimu ya kuhamisha joto kati ya prosesa na chuma cha kupozea haitumiki mara mbili: ya zamani hufutwa yote, ikawekwa mpya kidogo, kisha chuma kikakazwa kwa usawa pande zote. Kando ya ziwa lipo jambo jingine. Wadudu wadogo wa Ziwa Victoria, ambao hufuata taa nyakati za usiku, huingia kwenye matundu ya kasha na kuchanganyika na vumbi hadi feni ikashindwa kuvuta hewa. Usafi huo hufanywa kompyuta ikiwa imechomolewa kwenye soketi ya ukutani, si kuzimwa tu.

Tatizo gumu zaidi kulitambua ni la umeme. Mafundi wengi hukimbilia kulaumu pawasaplai, na si mara zote wana haki. Prosesa ya Core i3-4130 imekadiriwa wati 54, na Core i7-4770 wati 84; nyongeza ya wati 30 peke yake haitoshi kuishinda pawasaplai nzima ya wati 240. Hata hivyo, pawasaplai iliyofanya kazi miaka kumi haina tena nguvu iliyoandikwa ubavuni mwake, hasa kama kadi ya picha nayo imeongezwa. Dalili yake ni mashine kujiwasha upya pale tu inapopewa kazi nzito. Fundi akipima njia ya volti 12 wakati wa kazi hiyo, anapaswa kupata kati ya 11.4 na 12.6. Pawasaplai yenyewe haifunguliwi, kwa kuwa hubaki na chaji ya hatari hata baada ya kuchomolewa. Baadhi ya kompyuta za ofisini zina plagi zisizo za kawaida, hivyo mbadala ulinganishwe kabla ya kulipiwa.

Kabla ya gharama hiyo, umeme wa jengo uchunguzwe. Umeme wa majumbani nchini ni volti 230. Kompyuta ikizima kila mara jokofu la jirani linapoanza kunguruma au mashine ya kuchomelea inapowashwa, na taa zikififia wakati huohuo, prosesa haina kosa. Mteja amwite fundi wa umeme mwenye leseni au atoe taarifa ofisi ya TANESCO iliyo karibu. UPS nayo huhusika. Iliyoandikwa VA 650 haitoi wati 650, na betri yake ikichoka, mzigo mpya huiangusha mara umeme unapoyumba. Ukanda wa ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Mvua ikianza kunguruma, waya wa umeme na wa mtandao yote miwili ichomolewe.

Katika Windows, kumbukumbu ya matukio huonesha tukio namba 41 la Kernel-Power. Wapo wanaolichukua kama hukumu dhidi ya pawasaplai, ilhali linasema tu kwamba mashine ilizima bila utaratibu. Jaribio lenye uzito zaidi ni kurudisha prosesa ya zamani: tatizo likitoweka, uchunguzi ubaki kwenye prosesa mpya, BIOS, upoozaji na mzigo wa umeme, likiendelea, chanzo kiko kwingine.

Mashine ya steshenari huhifadhi nakala za vyeti na vitambulisho vya wateja, taarifa zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Inapopelekwa kwa fundi, mmiliki atoe diski na kubaki nayo, au ahamishe mafaili hayo kwanza. Kwa kompyuta za ofisi za umma, mtumishi awasiliane na ofisa TEHAMA wa taasisi yake kabla ya kasha kufunguliwa.