Dozi Iliyokatwa: Pengo katika Viwango vya Maduka ya Dawa Muhimu

Mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu, ulioanza mkoani Ruvuma mwaka 2003, ulikuwa jibu kwa jambo lililokuwa likijulikana wazi: maduka ya dawa baridi, ambayo hayakuruhusiwa kuuza dawa za cheti cha daktari, yalikuwa yakiuza antibayotiki, na wauzaji wengi hawakuwa na mafunzo ya kutosha. Badala ya kuyafunga na kuwaacha wanavijiji bila pa kukimbilia, Serikali iliamua kuyapandisha hadhi. Mtoa dawa alipewa mafunzo, jengo likawekewa masharti, na baadhi ya dawa za cheti zikaruhusiwa kuuzwa humo kihalali. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, nami nautetea. Hata hivyo, viwango vile vilimlenga mtoa dawa na duka lake. Pakiti ya dawa havikuigusa vya kutosha, na usalama wa mgonjwa unavujia hapo.

Mteja mwenye shilingi elfu moja haombi dozi, anaomba dawa ya elfu moja. Mtoa dawa anashika mkasi, anakata vidonge vichache vya amoxicillin, anavitia kwenye bahasha na kuandika 1x3. Akikataa, mteja atavuka barabara kwenda duka la jirani. Matokeo yanayozungumzwa sana ni dozi pungufu na usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Lipo jingine lisilozungumzwa vya kutosha: kipande kile kikikatwa, mara nyingi jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda hubaki upande wa pili. Mgonjwa anaondoka na dawa isiyo na utambulisho. Mwaka 2009 Metakelfin bandia, dawa ya malaria, iligunduliwa katika famasi 40 nchini Tanzania, ikiwa na upungufu wa kiambata hai. Mamlaka inaweza kutangaza namba ya toleo na kuagiza dawa iondolewe madukani, lakini tangazo hilo litamsaidiaje mtu ambaye kidonge chake hakina namba yoyote? Makopo ya vidonge elfu moja yana kasoro hiyohiyo, na katika unyevu wa Tanga au Dar es Salaam kila kopo linapofunguliwa vidonge vilivyobaki vinapata madhara.

Mfano wa kufuata tunao tayari. Dawa mseto ya ALu, iliyoanza kuwa tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali mwaka 2006, hufungwa kwa uzito wa mgonjwa: vidonge 6, 12, 18 au 24. Dozi nzima ya siku tatu imo ndani, pamoja na maelekezo na namba ya toleo. Hesabu imekwisha kufanywa kiwandani, na mtoa dawa anabaki na kazi anayopaswa kuifanya, yaani kuuliza kama mgonjwa amepimwa na kumweleza namna ya kumeza. Antibayotiki zingeweza kufungwa vivyo hivyo. Kwa nimonia ya watoto, amoxicillin ya miligramu 250 inayoyeyuka katika maji hutolewa kwa siku tano: vidonge 10 kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, vidonge 20 kwa aliyetimiza mwaka mmoja lakini hajafika miaka mitano. Hizo ni pakiti mbili tu.

Pingamizi zito ni la bei, na linastahili heshima. Maskini hanunui nusu dozi kwa ujinga. Ananunua kwa sababu fedha zimeishia hapo. Lakini nusu dozi haimpunguzii gharama: homa ikirudi atalipa tena, safari hii pengine hospitalini. Tena mtu mwenye kikohozi cha mafua hahitaji antibayotiki hata kidogo, na pale inapouzwa kwa pakiti nzima, mtoa dawa na mteja wote wawili wanalazimika kujiuliza kama inahitajika kweli. Dozi kamili za watoto zikipewa bei elekezi, mzigo utapungua zaidi.

Jambo hili haliwezi kuachiwa dhamiri ya duka moja moja, kwa sababu anayefuata kanuni peke yake ndiye anayepoteza wateja. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba iweke sharti la pakiti za dozi kamili wakati wa kusajili antibayotiki za kumeza, na Baraza la Famasi liingize ukataji wa pakiti hizo miongoni mwa makosa ya ukaguzi, nchi nzima kwa tarehe moja.